Waje Kujifunza: Mwongozo wa Kupokea Vijana wa Staji Nyumbani, Lubumbashi

Barua pepe huanza kuingia mwezi wa pili. Kanisa fulani la ng'ambo, Marekani au Ujerumani au Korea, linauliza kama tunaweza kupokea vijana wawili watatu wakati wa likizo yao ya chuo, "waje kusaidia kazi". Mume wangu na mimi ni wamisionari kutoka Tabora, sisi wenyewe ni wageni hapa Lubumbashi, lakini nyumba yetu imegeuka kituo cha vijana wa staji, yaani wa mafunzo kwa vitendo, kama wanavyoitwa huku. Zamani nilijibu barua hizo siku ileile, kwa shangwe. Siku hizi nakaa nazo wiki nzima, na ninapojibu, kitu cha kwanza ninachofanya ni kufuta neno "kusaidia" na kuandika "kujifunza".

Sifanyi hivyo kwa kiburi. Kijana wa miaka ishirini asiyejua bei ya gunia la makala (makaa), asiyejua kumsalimia mzee, asiye na Kifaransa wala Kiswahili, hana msaada wa kumpa mtu wa Lubumbashi katika wiki nane. Kujifunza kwake anaweza, tena sana. Akija na neno la kwanza, kila siku atakutafuta umpe kazi ya maana, na usipompa atanuna. Akija na la pili, hata kusonga bukari, yaani ugali, ni kazi ya maana.

Haya ninayoyaandika ni kwa familia nyingine za wamisionari, na kwa familia za Kikongo ambazo siku hizi zinaombwa zipokee vijana hawa moja kwa moja, jambo ambalo naona ni jema kuliko kupitia kwetu.

Hatua ya kwanza: kikao cha jikoni

Kabla ya kusema ndiyo, waulize wote watakaoubeba ugeni huo. Mume au mke, bila shaka. Watoto, kwa sababu chumba kitakachotolewa ni chao. Mama anayewasaidia jikoni, kwa sababu sufuria zitaongezeka. Na wazee wa kanisa mnalofanya nalo kazi. Sisi tulisahau watatu wa mwisho mwaka wa kwanza. Tulipokea vijana watano kwa mpigo, binti yetu mkubwa akahamishiwa sebuleni wiki tisa, na kufikia wiki ya nne alikuwa halii wala halalamiki, ila hakai tena mezani na wenzake. Anachota sahani yake anakwenda kulia chakula nyuma ya nyumba. Hapo ndipo nilipotunga sheria ambazo sijazivunja tena.

Wapokee wawili. Mmoja peke yake atakufanya wewe kuwa rafiki yake wa pekee, na hutakuwa na muda huo. Watatu bado inawezekana. Wanne ni bweni. Wawe wa jinsia moja kama chumba ni kimoja, na mchumba wa mmoja wao asije kama "mwenzake wa staji".

Wasipungue wiki sita. Wiki mbili za kwanza ni tumbo, usingizi na kushangaa. Mbili zinazofuata ni majina ya watu na namna ya kupanda taksi-basi. Ya tano ndiyo anaanza kuona. Anayeomba kuja siku kumi, mwambie karibu, lakini mwite mgeni na umpeleke kuona Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo na uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo. Hiyo si staji.

Halafu fedha. Usitaje bei kwa kukisia, na usione haya kuitaja. Chukua daftari, andika kila kitu kilichonunuliwa nyumbani mwezi mzima: unga, mafuta, makala, umeme, maji, mafuta ya gari, sabuni. Gawa kwa midomo iliyopo. Kwenye fungu la kijana mmoja ongeza nyongeza ya mshahara wa mama wa jikoni, maana kazi yake imekua, na akiba kidogo ya usafiri wa dharura. Hiyo ndiyo bei. Kila senti iandikwe, na waliowatuma wapelekewe hesabu mwishoni.

Hatua ya pili: karatasi mbili za makubaliano

Moja ni kati yenu na waliomtuma. Ndani yake pawe na nani analipa nini, bima yenye kipengele cha kumsafirisha mgonjwa kwa ndege, na jina la mtu mmoja, si kamati, mwenye mamlaka ya kuamua saa nane usiku. Hiyo bima isomwe hadi maandishi madogo. Zipo nyingi zinazojitoa pale serikali ya msafiri inapotoa onyo kuhusu nchi, na onyo likitaja "Kongo" mara nyingi haliishii Kivu, kule mashariki. Tangu Goma na Bukavu zilipotekwa na waasi wa M23 mwaka 2025, ya kwanza Januari na ya pili Februari, hakuna mzazi ambaye hajatupigia simu kuuliza kama mwanawe atasikia mizinga. Nawaambia waifungue ramani: kutoka Goma hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Lakini pia siwaahidi kitu. Kwenye karatasi hiyo tunaandika ni tukio gani litafanya kijana arudishwe bila majadiliano, na njia gani atatoka: kwa ndege kupitia uwanja wetu wa Luano, au kwa barabara kupitia Kasumbalesa hadi Zambia.

Karatasi ya pili ni ya kijana mwenyewe, na ni fupi. Cheti cha polisi cha tabia njema kutoka kwao. Hatakaa na mtoto peke yake penye mlango uliofungwa. Hatatoa fedha kwa mtu bila kupitia kwa shemasi. Hatatoka usiku peke yake. Hataahidi masomo, kazi, viza wala ndoa. Asaini na aiweke ndani ya pasi yake ya kusafiria.

Hatua ya tatu: viza na kadi ya njano

Anzeni miezi mitatu kabla. Pasi iwe na angalau miezi sita ya uhai kuanzia siku ya kuingia. Ubalozi utataka barua ya mwenyeji, ile inayoitwa hapa prise en charge, ikiwa imethibitishwa kisheria, na mwenyeji akiandika humo kazi halisi atakayofanya kijana. Msiandike utalii kwa mtu atakayekaa zahanati wiki nane. Siku DGM, idara ya uhamiaji, wakiuliza, uongo huo utakuwa wako. Kama mna mpango wa kuvuka kwenda Zambia hata siku moja, ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima mlangoni. Homa ya ini na chanjo ya kichaa cha mbwa waulize daktari wao. Sisi hiyo ya mbwa tunaisisitiza, kwani vijana hawa hawawezi kupita mbwa bila kumshika kichwa.

Tengeneza nakala nne za kila karatasi: moja ya kijana, moja yako, moja ya kanisa, moja ya waliomtuma. Atembee na nakala mjini, pasi ibaki kabatini. Na dola zake ziwe mpya na safi. Noti yenye mchaniko mdogo upande wa ukingo, ambao kwao hakuna anayeuona, hapa muuza duka ataigeuza mara tatu na kuirudisha. Tulikuwa na binti aliyekuja na fedha zote za miezi miwili katika noti zilizokunjwakunjwa ndani ya soksi. Alikula kwa mkopo hadi mwezi wake wa pili hapa.

Hatua ya nne: nyumba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo afya yao inapolindwa au kupotea.

*Chandarua.* Kama ni kipya chenye dawa, kitundike kivulini siku nzima kabla ya kulalia, la sivyo mgeni ataamka macho yanamwasha na hatakilalia tena. Kikifuliwa, sabuni ya kawaida, na kianikwe kivulini. Kikae juu ya kitanda tangu siku ya kwanza, kisiwe kwenye mfuko kikisubiri "tukipata misumari".

*Maji.* Dumu la lita ishirini, au bidoni kama wanavyosema hapa, ndilo kipimo cha maisha ya nyumba hii. Kipindupindu kipo Katanga, kwa hiyo ya kunywa tunachemsha. Lakini nimeona watu wakiyachemsha nusu saa, makala yakiisha bure. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, maji yakishaanza kutokota kwelikweli, dakika moja inatosha. Funika, acha yapoe kwenye sufuria ileile, ndipo umimine kwenye chombo chenye bomba. Maji mengi huchafuka baada ya kuchemshwa, kwa kikombe kilichochovya.

*Mbabula.* Jiko la makala. Mwezi wa sita na wa saba usiku hapa ni baridi kuliko mgeni anavyodhani Afrika ilivyo, na wengi huja bila hata sweta. Umeme umekatika, baridi inauma, mbabula bado ina moto mwekundu pale barazani: wazo la kuiingiza chumbani humjia kila mtu. Mwonyeshe siku ya kwanza, mbele ya mbabula yenyewe, kwamba ile hewa ya makala haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini. Kisha mpe blanketi la pili kabla hajaliomba.

*Pasi ya nguo.* Mvulana mmoja alikuja kwangu wiki ya tatu na majipu saba kiunoni, yamejipanga kama shanga pale ukanda wa chupi unapopita. Alikuwa ameshasoma kwenye simu na kujipa ugonjwa usiotibika. Mama wa jikoni akamwinamia, akatazama, akacheka hadi akakaa chini. Akaleta mafuta mazito ya kupaka, akaziba kila jipu, wakangoja. Baada ya muda katikati ya jipu la kwanza pakaanza kucheza kitu cheupe kidogo, kinatafuta hewa. Akabana kwa vidole viwili, funza huyo nje, mnene kama punje ya mchele uliopikwa. Saba, mmoja baada ya mwingine. Kijana alikuwa amepauka kama ukuta.

Ni nzi wa maembe. Hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wakianguliwa huingia ngozini. Dawa ni pasi ya moto, pande zote mbili, hasa kwenye mishono na lastiki. Kijana alikuwa amepiga pasi mashati yote. "Nani anapiga pasi chupi?" aliniuliza. Sisi, mwanangu. Na mashuka, na taulo, na soksi.

Hatua ya tano: siku tatu za mwanzo

Siku ya kwanza usimpangie chochote. Mchukue uwanjani, mpe maji, mpe chakula chepesi, ampigie mama yake, alale. Hakikisha kamera na simu zimo mfukoni tangu kwenye ndege: uwanja wa ndege, askari, madaraja, majengo ya serikali na migodi havipigwi picha, na mji huu migodi imeuzunguka. Hata lile lundo jeusi maarufu la mabaki ya madini la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na bomba lake refu la moshi, ambalo ni alama ya mji, uliza kwanza mwenyeji ndipo unyanyue simu.

Siku ya pili mtembee kwa miguu. Laini ya simu, kubadili fedha kidogo, duka la karibu, kituo cha taksi-basi. Magari Kongo hupita kulia; kijana wa Uingereza au Australia, na hata sisi Watanzania, hutazama upande usio sahihi kabla ya kuvuka. Msimamishe ukingoni, avuke mara tano ukimwangalia, kama mtoto wa chekechea. Atacheka. Acha acheke. Mfundishe pia kwamba akitajiwa saa aulize kama ni ya Kiswahili au ya Kifaransa.

Siku ya tatu ni majirani. Mlango kwa mlango, mikono miwili, na wewe pembeni: "Jambo mama, jambo baba, huyu ni mutoto wetu." Hilo la "mutoto wetu" si pambo. Likishatamkwa, jirani anayemwona saa mbili usiku kwenye njia asiyoijua atamrudisha nyumbani.

Hatua ya sita: jembe

Methali kila mtu anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ugumu ni jembe lipi.

Mwaka wa pili tulikuwa na msichana mwenye moyo mzuri kupita kiasi. Anaamka kabla ya watu, anafagia kiwanja, anaosha vyombo, anafua. Mimi nikafurahi. Siku ya nne mama wa jikoni akanifuata, kanga ameikunja mkononi, hanitazami usoni. "Mama," akasema, "uyu mutoto anataka kazi yangu?" Alikuwa amekaa siku nne bila kitu cha kufanya, akihesabu karo za watoto wake. Nilijiona mjinga.

Tangu siku hiyo kuna swali moja kabla ya kumpa kijana kazi yoyote: je, yupo mtu wa hapa ambaye angelipwa kuifanya? Kama yupo, aajiriwe huyo. Kikundi kinachotaka kupaka rangi shule, na mafundi rangi wamekaa barabarani na brashi zao mbele wakisubiri wateja, kimpe fundi fedha za rangi na za nauli ya ndege pia kama inawezekana. Basi kijana afanye nini?

Nyumbani, avute maji yake mwenyewe, apige pasi nguo zake, na siku moja kwa juma apike chini ya mama wa jikoni. Chini yake, yaani mama ndiye mwalimu na kijana ndiye mwanafunzi. Mara ya kwanza bukari lake litakuwa na mabonge. Mama atalisifia mbele yake na kulisonga upya akitoka.

Nje ya nyumba, mkabidhi kwa mtu mmoja wa hapa, mwenye jina na simu, ambaye amekubali. Mwanafunzi wa udaktari akikaa zahanati, aandike majina kwenye daftari, apime joto, atazame. Asichome sindano wala asishone kidonda ambacho kwao asingeruhusiwa kukigusa. Ngozi ya mtu wa mtaa wa Katuba si daftari la mazoezi. Mwalimu mtarajiwa akae dawati la nyuma wiki mbili kabla ya kusimama mbele. Na kituo cha watoto yatima sitampeleka mtu wa miezi miwili. Mtoto aliyeachwa mara moja anajifunza kumpenda mgeni wa sita na kuachwa mara ya sita.

Staji bora niliyowahi kuona ilikuwa ya asubuhi moja kwa juma, sokoni, kwenye kigoda cha mama muuza nyanya. Msichana alipewa kupanga mafungu. Akapanga kwa akili ya kwao: kila fungu nyanya tano, ukubwa sawa. Mama akayavunja yote. Akapanga nne, kubwa chini, ya juu ikitazama mteja kwa upande usio na doa, na nyingine akaziweka kando ya paja. Mteja akija, wakipatana, mama anachukua moja pale pajani na kuitupia juu: matabishi. Nyanya ni tano zilezile, lakini mteja ameondoka na zawadi. Msichana yule alikuwa anasomea biashara mwaka wa tatu. Aliniambia jioni ile kwamba hiyo hawakumfundisha. Alijifunza hesabu za faranga pale, na matusi mawili ambayo ilibidi tuyafute.

Hatua ya saba: lugha

Mwambie kijana aanze Kifaransa miezi sita kabla, na Kiswahili wiki anayofika. Wapo wanaosoma Kiswahili sanifu chuoni na kufika wakijiamini. Hapa wanakiita Kiswahili bora, na wanakiheshimu kama kanzu ya sikukuu: nzuri, lakini huwezi kwenda nayo kwenye matope. Hata mimi wa Tabora nilichekwa. Nikaomba maji, nikaletewa mayi. Ugali ni bukari, kisamvu ni sombe, kiwanja cha nyumba ni lupango, na mtu aliye hapa "iko hapa". Daftari dogo mfukoni, maneno matano kwa siku, na mwalimu wake awe mtoto wa jirani wa miaka kumi, ambaye hatamhurumia.

Majina ya mahali nayo yana mitego. Moja ya komini, yaani sehemu za utawala, za mji huu inaitwa Kenya. Kijana wetu mmoja aliwaandikia nyumbani "leo nimekwenda Kenya kwa basi na kurudi", na mama yake akampigia mume wangu saa tisa usiku kuuliza nani amemruhusu kuvuka mipaka mingapi.

Wapeleke pia kwenye historia, ili wasidhani Injili ilishuka kwa ndege pamoja nao. Mmisionari wa kwanza kufika kukaa Katanga, Mskoti Frederick Stanley Arnot, alifika Bunkeya mwaka 1886, na aliyempa ruhusa ya kukaa alikuwa mfalme Msiri, Mnyamwezi, mtu wa kwetu. (Nikisema hivyo wazee wa Kiyeke, watu wa Msiri huku, hunipa kiti kanisani.) Miaka mitano baadaye Msiri aliuawa na msafara uliokuja kuichukua nchi kwa ajili ya mfalme wa Ubelgiji. Na Simon Kimbangu, mhubiri ambaye Wabelgiji walimfunga mwaka 1921 baada ya huduma ya miezi michache tu, alifia kifungoni katika mji huuhuu, wakati huo ukiitwa Élisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka thelathini kifungoni. Nawasimulia haya usiku wa umeme kukatika, na kwa kawaida hakuna anayeshika simu.

Hatua ya nane: homa

Kila mmoja aje na dawa yake ya kinga ya malaria aliyoandikiwa na daktari, na wewe uijue ni ipi. Ya doksisaiklini humezwa kwa maji mengi mtu akiwa wima, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Mefloquine humezwa mara moja kwa juma, na kwa wengine huleta ndoto mbaya na hofu. Kijana akianza kusema anasikia wasiwasi usio na sababu, usikimbilie maombi pekee, mpigie daktari wake.

Malaria ya hapa huchukua angalau siku saba tangu kuumwa hadi homa. Kwa hiyo homa ya siku ya tatu tafuta sababu nyingine. Kuanzia siku ya saba, homa yoyote ni kipimo siku hiyohiyo, hata kama anameza dawa ya kinga, hata kama anasema ni mafua tu, hata kama ni Jumapili. Weka namba ya zahanati na ya dereva ukutani, kwa maandishi makubwa. Uamuzi wa kwenda hospitali ni wako, si wake. Vijana wanaona haya kusumbua.

Hatua ya tisa: wiki ya tatu, na familia yako

Wiki ya tatu huwa wanaanguka. Ugeni umeisha utamu, lugha haijaja. Utamjua kwa kukaa chooni muda mrefu, kwa simu usiku kucha, kwa "nimechoka" ya kila asubuhi. Kwetu anayegundua kwanza ni mama wa jikoni. "Mama, uyu mutoto iko na njala ao iko na mawazo?" Kwa kawaida ni mawazo, na chakula pia.

Tunakaa nao kila Alhamisi jioni, saa moja, maswali yaleyale matatu: nini kimekushinda wiki hii, nani amekufundisha kitu, na nani unahisi umemkosea. Lile la mwisho ndilo linalofungua mlango. Kosa dogo la kutomsalimia mzee, likiachwa wiki mbili, hugeuka hadithi ya mtaa mzima. Likisemwa Alhamisi, Ijumaa tunakwenda pamoja kuomba radhi na kilo ya sukari.

Jumamosi jioni hawako kwetu. Familia za kanisa hupokezana kuwakaribisha, na kanisa huwapa wenyeji hao fungu la chakula kutoka kwenye ile hesabu, maana si haki ukarimu wa maskini ugharimie mgeni mwenye bima. Saa hizo nne, watoto wangu wanapata meza yao, na binti yangu anachagua kiti anachotaka.

Hatua ya kumi: kuondoka

Wiki ya mwisho isiwe na kazi mpya. Kuaga hapa ni kazi yenyewe, nyumba hadi nyumba, na anayeondoka bila kuaga amefuta miezi miwili. Zawadi ziwe ndogo na sawa kwa wote. Viatu na nguo anazotaka kuacha, zipitie kwa shemasi, asigawe getini.

Kumbusha dawa ya kinga. Atovaquone-proguanil huendelea siku saba baada ya kutoka, doksisaiklini na mefloquine wiki nne, lakini wote, kwa kosa, huacha kumeza mara wakishafika kwao. Mpe kikaratasi cha kuweka kwenye pochi: akipata homa ndani ya mwaka mmoja, amwambie daktari kabla ya neno lingine, "Nimetoka Kongo, nipime malaria."

Akishaondoka, vua mashuka, fua chandarua, lipa mama wa jikoni nyongeza yake ya mwisho, tuma hesabu. Kisha usipokee mtu angalau mwezi.

Na kuna daftari. Liko kwenye droo ya chumba chao, na kila kijana huandika ukurasa mmoja kwa ajili ya atakayefuata. Huwa nalisoma kabla sijajibu barua pepe za mwezi wa pili. Wengi huandika mambo ya rohoni, mazuri. Yule wa majipu saba aliandika mistari mitatu tu: "Piga pasi kila kitu. Mwamkie mama wa jikoni kabla ya mtu mwingine yeyote. Bidoni ya njano inavuja, chukua ya bluu."